SOMO LA MSAMIATI: HATA MWENYE DIGRII BADO ANAJIFUNZA MANENO

Wako wanakisomo wanaosema, "Mimi sasa najua kusoma na kuandika. Kazi yangu imekwisha." Kusema hivyo ni kama mkulima aliyepata jembe akaliegemeza ukutani. Jembe ni mwanzo tu. Shamba bado linamngoja.

Katika somo la leo tutazungumza juu ya mtihani mmoja mkubwa unaofanywa na watu waliokwisha maliza chuo kikuu. Tutaona jinsi watu hao wanavyojifunza maneno mapya. Halafu tutachukua njia zao tuzitumie sisi wenyewe hapa kijijini, kwa lugha yetu na kwa faida yetu.

MTIHANI WENYEWE NI UPI?

Mtu akimaliza chuo kikuu hupata shahada ya kwanza. Wengi huiita digrii. Akitaka kuendelea husomea shahada ya uzamili, na baada ya hapo shahada ya uzamivu, ndiyo ile ya udaktari wa elimu. Huko Marekani, vyuo vingi viliweka mtihani wa kuwachuja watu wanaotaka kuendelea. Mtihani huo unaitwa GRE. Hutamkwa "ji-ar-ii".

Mtihani huo ulianza mwaka 1936. Vyuo vikuu vinne, yaani Harvard, Yale, Princeton na Columbia, viliujaribu kwa pamoja. Tangu mwaka 1948 unasimamiwa na shirika linaloitwa ETS. Siku hizi hufanywa kwa kompyuta katika nchi nyingi za dunia. Vijana wa Afrika Mashariki wanaoomba nafasi Marekani nao huufanya. Vyuo vingine vimeacha kuudai, lakini vingine bado vinautaka.

Mtihani una sehemu tatu: kuandika insha, hesabu, na lugha. Lugha yenyewe ni Kiingereza. Katika sehemu ya lugha alama ya chini ni 130, na ya juu ni 170. Tangu mwaka 2023 mtihani umefupishwa. Sasa mtu huumaliza kwa muda usiotimia saa mbili.

Sehemu ya lugha ndiyo inayowatoa watu jasho. Humo mna maneno magumu ambayo hata Wamarekani wenyewe hawayasemi sokoni wala nyumbani. Asiyeyajua hawezi kulielewa swali, hata kama ana akili nyingi.

MAZUNGUMZO YA MAMA NA BINTI

Tuchukue mfano. Binti mmoja amerudi nyumbani likizo. Jioni amekaa mkekani na vipande vya karatasi. Mama yake anamtazama.

MAMA: Mwanangu, chuo kikuu si ulikwisha maliza? Mbona unakariri maneno kama mtoto wa darasa la kwanza?

BINTI: Nimemaliza, mama. Lakini nataka kuendelea na elimu ya udongo. Kuna mtihani wa kuingilia, na ndani yake mna maneno mengi.

MAMA: Ebo! Udongo nao unauliza maneno?

BINTI: Udongo hauulizi, mama. Lakini vitabu vinavyoeleza habari za udongo vimeandikwa kwa maneno. Nisipoyaelewa, nitasoma ukurasa mzima nitoke mikono mitupu.

MAMA: Hapo umesema. Hata mimi juzi nimeletewa karatasi ya mkopo wa mbolea. Nimeisoma yote, herufi kwa herufi. Kusoma nimesoma, lakini kuelewa sikuelewa.

BINTI: Umekwisha tia sahihi?

MAMA: Bado. Nimewaambia warudi Jumamosi.

BINTI: Umefanya vema sana, mama. Hebu ilete tuisome pamoja.

Mama akaileta karatasi. Ndani yake iliandikwa hivi:

"Mkopaji ameweka shamba lake rehani. Endapo atashindwa kurejesha deni pamoja na riba katika muda uliotajwa, mkopeshaji atakuwa na hiari ya kuliuza shamba hilo bila idhini ya mkopaji."

Ndugu msomaji, soma tena sentensi hizo polepole. Sasa tazama maneno matano:

1. Rehani ni mali anayoiweka mtu kama dhamana ya deni. Asipolipa, mali hiyo inaweza kuchukuliwa.
2. Endapo ni sawasawa na "kama" au "ikiwa".
3. Riba ni fedha ya ziada anayolipa mkopaji juu ya deni lenyewe.
4. Hiari ni uhuru wa kuchagua, kufanya jambo au kutolifanya.
5. Idhini ni ruhusa.

Maneno matano tu! Lakini ndani ya matano hayo limo shamba la mama, na chakula cha watoto wake. Asiyeyajua angetia sahihi akidhani amepata mbolea, kumbe ameweka shamba mahali pa kupotea. Binti asipojua maneno atakosa nafasi ya chuo. Mama asipojua maneno atakosa shamba. Basi wote wawili wana haja moja: kuongeza msamiati.

Msamiati ni jumla ya maneno anayoyajua mtu. Ni kama akiba ghalani. Hebu sasa tuone njia nne za kuijaza ghala hiyo.

NJIA YA KWANZA: TAFUTA UKOO WA NENO

Maneno yana ukoo kama watu. Ukimjua babu, ni rahisi kuwatambua wajukuu.

Wanaojiandaa kwa mtihani ule wa Marekani hujifunza mizizi ya maneno. Maneno mengi magumu ya Kiingereza yametoka katika lugha mbili za zamani za Ulaya, Kilatini na Kigiriki. Baadhi ya maneno hayo yamefika hata kwetu. Tazama:

biolojia ni elimu ya viumbe hai
jiolojia ni elimu ya miamba na ardhi
saikolojia ni elimu ya nafsi na akili ya mtu

Umeona? Yote yanaishia na "-lojia". Asili yake ni Kigiriki, na hapa maana yake ni elimu au maelezo ya jambo fulani. Ukilijua hilo, neno jipya lenye "-lojia" halitakutisha tena. Utasema, "Hii nayo ni elimu ya kitu. Kitu gani?"

Kiswahili nacho kina ukoo wake. Chukua neno "lima". Tunapata mkulima, kilimo, limia, limisha na limika. Neno moja limezaa mengi.

Maneno yetu yenye asili ya Kiarabu mara nyingi yana mzizi wa konsonanti tatu. Tazama K, T na B:

kitabu, katibu, maktaba, mkataba, katiba

Yote yana habari ya kuandika. Kitabu kimeandikwa. Katibu anaandika. Maktaba ni mahali pa vitabu. Mkataba ni mapatano, na huandikwa ili yasikataliwe baadaye. Katiba ni sheria kuu ya nchi au ya chama.

Tazama tena H, K na M:

hukumu, hakimu, mahakama, hekima

Hakimu hutoa hukumu mahakamani, na anatakiwa awe na hekima. Maneno manne, ukoo mmoja.

Lakini jihadhari! Maneno mengine yanafanana sura bila undugu. Watu wengine hudhani "elimu" imetoka katika "lima", kwa kuwa sauti zinakaribiana. Siyo. "Lima" ni neno la Kibantu. "Elimu" limetoka katika Kiarabu, na ndugu zake ni mwalimu, taaluma, maalumu na ulamaa. Kwa hiyo ukidhani umeuona ukoo, hakikisha kwanza kwa kutazama maana.

NJIA YA PILI: SIKILIZA SENTENSI NZIMA

Neno halikai peke yake. Limezungukwa na majirani, na majirani hutoa siri. Mtihani ule una maswali ya kujaza nafasi iliyoachwa wazi. Tujaribu swali la namna hiyo kwa Kiswahili:

"Ingawa mzee yule alikuwa na ng'ombe mia mbili, aliishi maisha ya ______."

(a) anasa (b) fahari (c) dhiki (d) starehe (e) ubadhirifu

Neno la kutufungulia ni "ingawa". "Ingawa" hutuambia kwamba mambo yatageuka: upande mmoja utapingana na mwingine. Mzee ana mali. Basi maisha yake lazima yaende kinyume cha utajiri. Jibu ni (c) dhiki.

Maneno kama haya ni vibao vya njia panda. Yajue vizuri:

Yanayogeuza njia: lakini, ingawa, bali, hata hivyo, isipokuwa.
Yanayoonyesha sababu au matokeo: kwa sababu, kwani, kwa hiyo, basi.
Yanayoongeza jambo: pia, vilevile, aidha.
Yanayoweka sharti: kama, ikiwa, endapo, mradi.

Katika karatasi yoyote ya sheria au mkopo, pigia mstari maneno ya sharti na maneno ya kugeuza. Mara nyingi hatari hujificha hapo.

Tazama swali la namna nyingine. Hapa unatakiwa kuchagua maneno mawili, na kila moja likiwekwa katika nafasi, maana ya sentensi ibaki ile ile:

"Mwenyekiti aliposikia kwamba fedha za kijiji zimeibwa, ali______ sana."

(a) furahi (b) ghadhibika (c) sinzia (d) kasirika (e) shangaa (f) shukuru

Wengine watasema "shangaa" lingefaa pia. Ni kweli lingefaa, lakini halina mwenzake katika orodha. Majibu ni (b) na (d), kwa kuwa kughadhibika ni kukasirika, na tena kukasirika sana. Basi kujua neno ni pamoja na kujua jirani yake kwa maana.

NJIA YA TATU: VIPANDE VYA KARATASI NA MAKOPO MATATU

Njia hii ndiyo aliyokuwa akiitumia yule binti. Ni rahisi, na haihitaji umeme.

Mwaka 1885 mtaalamu mmoja wa Ujerumani, Hermann Ebbinghaus, alichapisha kitabu juu ya kumbukumbu. Alijipima yeye mwenyewe. Akaona kwamba mtu akijifunza jambo, husahau sehemu kubwa upesi katika siku za mwanzo, kisha kusahau kunapungua mwendo. Tena akaona kwamba kurudia kwa kuacha nafasi ya muda kunasaidia kuliko kurudia mfululizo kwa mara moja.

Mwaka 1972 mtu mwingine, Sebastian Leitner, alieleza namna ya kurudia kwa kutumia kadi na kisanduku chenye vyumba. Sisi tutatumia makopo matatu. Fanya hivi:

1. Kata karatasi ngumu, kwa mfano boksi tupu, iwe vipande vidogo kama kiganja.

2. Upande mmoja andika neno jipya. Upande wa pili andika maana yake na sentensi moja uliyoitunga mwenyewe.

3. Chukua makopo matatu. Yaandike namba 1, 2 na 3.

4. Maneno mapya yote yaweke katika kopo la 1. Kopo hili lifungue kila siku.

5. Toa kipande, soma neno, sema maana yake kwa sauti bila kugeuza. Halafu geuza utazame. Ukipata, kipande kihamie kopo la 2. Ukikosa, kirudi kopo la 1.

6. Kopo la 2 lifungue kila siku ya tatu. Ukipata, neno lihamie kopo la 3. Ukikosa, lirudi kopo la 1.

7. Kopo la 3 lifungue mara moja kwa juma. Neno ulilolisahau lirudi kopo la 1. Halikupotea, limeanza safari upya.

Usiwe na pupa. Maneno matatu kwa siku, kwa siku tano, ni maneno 15 kwa juma. Kwa majuma manne ni maneno 60. Kwa majuma 50 ni maneno 750. Aliyelazimisha maneno 50 kwa usiku mmoja, asubuhi atayatafuta asiyaone.

Kama mnasoma kwa kikundi, mmoja ashike vipande na wengine wajibu. Hata mtoto wa shule anaweza kumwuliza bibi yake, na bibi akamwuliza mjukuu. Wote watafaidika.

NJIA YA NNE: KAMUSI, NA KINYWA CHAKO

Kamusi ni kitabu kinachopanga maneno na kueleza maana zake. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ilitolewa mara ya kwanza mwaka 1981, na kazi hiyo ilifanywa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Yamekuwapo matoleo mengine baadaye. Kamusi moja ikinunuliwa na kikundi inatosha watu wengi.

Wengi hushindwa kutumia kamusi kwa sababu hutafuta neno kama walivyolikuta. Kumbuka mambo matatu:

Kwanza, jina litafute katika umoja. "Vyeti" utalikuta kwenye "cheti". "Macho" utalikuta kwenye "jicho". "Nyimbo" utalikuta kwenye "wimbo".

Pili, kitendo kivue nguo zake za mbele. "Atakapolipa" ondoa "atakapo", utafute "lipa". "Alikopeshwa" ondoa "ali", halafu tazama shina lake, utakuta ni "kopa".

Tatu, sifa nyingi zimeandikwa kwa kistari mbele. "Wazuri" utalikuta kwenye "-zuri".

Ukikosa kamusi, uliza. Mwulize mwalimu, karani, au bwana shamba. Kuuliza si aibu. Aibu ni kutia sahihi usichokijua.

Na ukishalijua neno, litumie. Liseme mkutanoni. Liandike katika barua. Mara nyingi neno ulilolisoma tu husahaulika upesi, lakini ulilolisema mara kadhaa linakuwa lako.

TURUDI KWA MAMA NA BINTI

BINTI: Sasa mama, umeelewa karatasi inasema nini?

MAMA: Nimeelewa. Wanataka shamba langu lote kwa mifuko minne ya mbolea. Hiyo siyo haki.

BINTI: Utawajibu nini Jumamosi?

MAMA: Nitawauliza riba ni kiasi gani, na muda ni miezi mingapi. Tena nitawaambia kwamba shamba siliweki rehani. Kama hawataki, nitakwenda kuuliza chama chetu cha ushirika.

BINTI: Vizuri sana, mama.

MAMA: Na wewe endelea na maneno yako ya udongo. Lakini hivyo vipande vya karatasi niachie kidogo. Nataka kuanza na "rehani".

ZOEZI

A. Andika maneno matatu ya ukoo mmoja na kila neno hapa:
1. soma
2. safari
3. shirika

B. Jaza nafasi kwa neno moja kati ya haya: riba, idhini, endapo, hiari.
1. Kujiunga na kikundi chetu ni ______, hakuna anayelazimishwa.
2. ______ mvua itachelewa, tutapanda mtama badala ya mahindi.
3. Alikopa shilingi 100,000 akarudisha shilingi 110,000. Zile 10,000 ni ______.
4. Huwezi kukata mti katika shamba la mtu bila ______ yake.

C. Ukitafuta maneno haya katika kamusi utatazama neno gani? viatu, meno, walimshtaki, tutakapovuna.

D. Mjadiliane katika kikundi: Ni karatasi gani zinazoletwa kijijini kwenu ambazo watu huzitia sahihi bila kuzielewa? Mfanye nini?

MAJIBU

A. 1. msomaji, somo, kisomo. 2. safiri, msafiri, msafara. 3. ushirika, mshirika, shirikiana. (Yako mengine pia.)

B. 1. hiari. 2. Endapo. 3. riba. 4. idhini.

C. kiatu, jino, shtaki, vuna.

Ndugu msomaji, kabla ya kulala leo kata vipande vitatu vya karatasi. Chagua maneno matatu katika somo hili ambayo hukuyajua jana, uyaandike, uyatie katika kopo la 1. Kesho yafungue.